Wiki Mbili za Sakafu Kavu

Kaka yangu ni fundi wa magari asiyeendesha gari. Mtaani wanamwita Fundi Miguu. Anafufua injini iliyokwisha kukata roho, anakaza nati ya mwisho, kisha anamwita mwenye gari aje ajaribu mwenyewe. Yeye huyo, kwa mguu mpaka nyumbani. Watu hucheka, na mimi niliwahi kummwagia muuza nyanya ndoo nzima ya maji kwa sababu ya kicheko hichohicho. Ukitaka kuongea na kaka kaa kushoto kwake, maana sikio la kulia halisikii. Baba ndiye aliyelizima.

Tulilelewa kwa kipigo, sitaki kupaka rangi. Baba alisambaza mikate kwa gari lake lenye pua ya mviringo, la kizamani hata wakati huo, na boksi la stelingi, lenye gia za kugeuzia magurudumu, lilikuwa linavuja. Kaka, akiwa na miaka kumi na mitatu, ilikuwa kazi yake kuingia chini ya gari kila asubuhi, kuangalia sakafu na kujazia oili. Tone moja sakafuni, mkanda mmoja mgongoni. Mkanda wenyewe ulikuwa wa ngozi nene, umeshonwa pembeni kwa uzi mwekundu. Nimeuonja na mimi, naujua kuliko ninavyoujua uso wa bibi yangu.

Kisha matone yakakoma. Wiki mbili nzima sakafu kavu. Kaka akadhani Mungu amemhurumia, akaacha kujazia oili, kwani kama haivuji unajazia nini? Siku hizohizo baba alikuwa anahangaika na mkanda, haufiki kiunoni, akasema ati amenenepa. Tulicheka chini ya shuka tumeziba midomo, na mama akatukonyeza.

Siku ya kumi na tano stelingi ilikwama kwenye kona ya mteremko. Gari likaingia ukutani upande aliokaa mama. Baba alitoka na mbavu mbili zimevunjika. Mama hakutoka.

Tulipomaliza kuzika, baba alimwita kaka uani akamuuliza mara moja tu kama alijaza oili. Kaka akasema hapana. Baba alianza na mkanda, mkanda ulipomchosha mkono akachukua spana. Mimi nilimng'ata, akanibamiza ukutani, meno yangu mawili yakabaki palepale. Damu nzito kuliko maji, wanasema. Ya kaka niliiona ikitoka sikioni huku anarudia "nisamehe baba, nisamehe baba," mpaka sauti ikamwisha. Tangu siku hiyo, miaka ishirini na tisa, amebeba jambo moja kifuani: kwamba alimuua mama yake. Ndiyo maana hashiki usukani.

Mwezi uliopita mzee akatuita. Miguu imekwisha, lakini mdomo uko vilevile. Gari lilikuwa bandani chini ya turubai, hakuwahi kumruhusu mtu aliguse. Sasa alitaka kuliona likisogea kabla hajafa. Kaka akamimina oili, ikachuruzika papo hapo kandokando ya shafti, kile chuma kinachochomoza kwenye boksi. Mzee akamwambia apake gundi kwa nje, inatosha, boksi asilifungue.

"Lisipovuja hata tone," akasema, "nitakusamehe."

Kaka alilia. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, alisimama pale anafuta machozi kwa kitambaa cha grisi. Mimi nilitaka kumtia mzee kofi, nasema kweli.

Lakini kaka ana ugonjwa mmoja: hazibi kitu kwa nje. Sili, ule mpira wa kuzuia oili, ikichoka inatolewa, inawekwa mpya. Gundi kwa nje, husema, ni kumpaka maiti poda. Na kazi hii, kuliko zote, hakutaka ilipuliwe. Nikamshikia taa. Mkono wa stelingi ulikuwa umeganda kwenye shafti, akaupiga kwa nyundo mbili, kulia na kushoto kwa mpigo mmoja, mpaka ukaachia. Mzee kwenye kiti chake mlangoni alisikia mlio ule akajua boksi linafunguliwa. Alitukana matusi ambayo sitayarudia, akarusha fimbo yake ikampata kaka mgongoni. Kaka akasema samahani baba, akaendelea.

Alilibeba boksi mpaka mezani, akafungua kifuniko. Lilikuwa limeshindiliwa grisi, imekauka kama sabuni ya kufulia. Akaikwangua kwa bisibisi. Katikati ya meno ya gia kulikuwa na kitu kimetafunwa. Akakivuta kwa koleo: kipande cha ngozi, urefu wa kiganja, uzi mwekundu pembeni, na tundu moja la mkanda.

Hatukuhitaji kuelezwa. Baba alikata mkanda wake, akauzungusha kwenye shafti badala ya sili, akashindilia grisi, matone yakakoma. Ngozi ikateleza ndani, meno yakaiuma, stelingi ikakwama. Wala hakuwa amenenepa.

Kaka akachukua nyundo. Sikumzuia, na nitakuwa mwongo nikisema nilitamani kumzuia. Alianza na taa za gari, akaja kwenye kioo, kisha ile pua ya mviringo mpaka ikabonyea ndani. Vioo viliruka vikaangukia mapaja ya mzee. Halafu akaenda mlangoni, akapiga magoti na nyundo mkononi, akamwekea baba ile ngozi kiganjani. Kidole gumba cha mzee kikapita juu ya uzi. Mkono wake wa pili ukanyanyuka kupiga, mazoea yaleyale. Kaka hakukwepa. Aligeuza kichwa tu, akampa sikio la kushoto.

"Sema upande huu," akamwambia. "Ulijua lini?"

Mkono wa mzee ukashuka.

"Hospitali," akasema. "Kabla sijakuuliza."

Kaka alirudi mezani akalipiga boksi pigo moja, likapasuka vipande viwili. Akanawa mikono taratibu, kwanza kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, ukucha kwa ukucha. Nyuma yetu mzee alikuwa analia, sasa yeye ndiye anayeomba asamehewe. Kaka akaninyooshea mkono, akaomba funguo za gari langu.

Alikwangua geti wakati wa kutoka. Akapanda ukingo wa barabara, akashuka, na waliokuwa nyuma wakapiga honi mpaka wakachoka. Mimi nilikaa kushoto kwake, upande unaosikia. Tulikwenda kwa gia ya pili mpaka nyumbani, na sikumwambia abadilishe.