Daftari la Vizazi na Faili Lako

Siku ile naikumbuka mpaka harufu ya wino wake, mwanangu. Imenirudia jana nilipokukuta mbele ya kompyuta iliyoganda. Uliniambia programu yako hulisoma faili zima la watoto wa chanjo, mamilioni ya mistari, kisha huliandika upya, ili iongeze mstari mmoja. Nikacheka moyoni. Kosa hilo mie nshalifanya, tena kwa kalamu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa msichana wa skuli, mwenye haya hata kuitika "Naam" kwa sauti. Likizo nikapelekwa kumsaidia Bi Zuwena, ofisi ya vizazi, mjini. Vikaratasi vya watoto waliozaliwa vilikuja kutoka vijiji vya shamba, nami niyatie majina yao kwenye daftari kuu. Daftari hilo ulibebe kwa mikono miwili, kurasa zimechakaa, miandiko ya kila namna.

Nikaona mwandiko wangu mzuri hautaki kukaa humo. Ndiyo, nilijivuna, shajara yangu ya siku zile inanisuta hadi leo. Nikachukua daftari jipya, nikaanza kunakili yote toka ukurasa wa kwanza. Sikumwambia mtu. Siku ya tisa nilikuwa bado nanakili, na vikaratasi vipya vimejaa sanduku.

Akaja mama mmoja wa kijijini Makunduchi na binti yake, Mize, akimtakia cheti cha kuzaliwa. Nikatazama kwenye daftari langu safi.

"Hayumo," nikasema, kwa sauti ndogo.

"Hayumo? Basi huyu nliyemshika mkono nani? Nimemuokota sokoni Darajani?"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Yeye hakucheka. "Skuli wanafunga kuandikisha kesho, mwanangu. Bila cheti hawamchukui. Na gari letu linaondoka saa nane."

Bi Zuwena akaja, akalifungua daftari la zamani. Mize alikuwamo, katikati ya ukurasa. Jicho langu lilimruka nilipokuwa nanakili.

"Nani kakutuma kuandika upya?" akaniuliza.

"Hakuna, Bi."

"Kwani mtoto akizaliwa Chwaka, na sie wote tuzaliwe upya? Fungua mwisho. Andika. Kausha wino. Funga."

Aliyasema taratibu, ndiyo maana yaliniingia. Mama yule akapata cheti chake na gari hakulikosa. Mize alitoka akikipepea kile cheti kama bendera. Mimi nikalifungua daftari la zamani kwenye mstari wa mwisho, nikamwaga sanduku zima mezani, nikaandika kwa mfululizo. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimemaliza kazi ya siku tisa. Jioni nikaandika kwenye shajara: "Leo sikugusa ukurasa wa zamani hata mmoja."

Basi mwanangu, iambie programu yako ilifungue faili kwa kuongeza mwishoni. Usilifungue kwa kuandika upya, maana yaliyomo yatafutika kabla hujaweka neno. Usilipakie lote kwenye kumbukumbu ya mashine. Haina haja ya kuwajua wa zamani ili impokee mgeni. Ukiwa na mistari mingi, ikusanye uitie kwa pamoja, usifungue na kufunga kwa kila mmoja. Na ukimaliza, funga. Wino usiokaushwa huchafua.

Mungu akubariki mikono, asipotee mtoto hata mmoja chini yake, na watakaokuja baada yako wakute mstari wako ulipo, nao waendelee hapo.