Daktari Aliyejigeuza Mheshimiwa

Sitamdhulumu: alipokuwa daktari, alikuwa daktari kweli. Mtu wa kwetu, Uvira. Chumba chake cha matibabu kilikuwa Overport, hapa Durban, juu ya saluni yangu, na sisi wahamiaji tulipanda ngazi zile kwa matumaini. Mume wangu alipobanwa na kifua kwa vumbi la ghala la Mobeni, ndiye aliyemtibu, kwa upole, bila haraka.

Kisha akachaguliwa mwenyekiti wa chama chetu cha wahamiaji. Cheo chenyewe hakina hata ofisi, lakini kilimpanda kichwani. Akaanza kuvaa suti za kung'aa na kufunga chumba mchana aende mikutanoni. Ukimwita daktari, anakusahihisha: "Mheshimiwa." Wagonjwa wanakohoa kwenye ngazi, yeye yuko mjini anapigwa picha na madiwani.

Mwaka 2015 wenyeji walipowashambulia wageni, wenzetu walifukuzwa majumbani mwao, wakawekwa kwenye mahema uwanjani. Nilipeleka blanketi, nikamkuta anahutubia. Mama mmoja akamsogezea mtoto aliyekuwa anatapika tangu asubuhi, macho yameingia ndani.

"Docteur, mtoto anakufa. Muangalie!"

Akamwekea mtoto mkono kichwani, akageukia kamera, akatabasamu. Hata joto hakumpima.

"Mama, leo nimekuja kama kiongozi. Manesi iko kule."

Kule hakukuwa na nesi hata mmoja. Nilimnyakua yule mtoto, mama yake akanifuata akikimbia, tukasimamisha taxi mpaka hospitali. Akawekewa dripu. Jioni akafumbua macho, akaomba soda, na mama yake akacheka huku analia.

Baadaye mheshimiwa alipita saluni kuaga. Anarudi nyumbani kutafuta ubunge.

"Dada, pigia ndugu zako wa Uvira simu. Waambie nilivyowatumikia hapa Durban."

"Nitawaambia," nilimjibu. "Nitaanza na yule mtoto wa kwenye mahema."

"Mtoto gani?"

Nilimtazama vizuri. Hakuwa anajifanya. Alikuwa amesahau kabisa, kama mtu anavyosahau alipotupa ganda la ndizi. Mpaka hapo nilikuwa namchukia. Tangu hapo hata chuki niliona ni heshima kubwa mno kwake.

"Eish," alinong'ona mteja niliyekuwa namsuka.

Mheshimiwa alijitengeneza tai kwenye kioo changu, akatoka. Ndugu zangu niliwapigia, nikawaeleza kila kitu. Wakamchagua.