Jirani Aliyefutwa Kitabuni

Profesa alikuja kwetu Mbunya, mtaa wa mji wa Bunia, asubuhi moja, akakataa kiti kizuri tulichomwekea, akakaa kwenye kibao karibu na mama yangu. Jambo hilo lilinifurahisha. Alikuwa mtu wa Kinshasa anayefundisha Ulaya, na alikuwa akiandika kitabu juu ya jamii za Ituri: sisi ni akina nani, na kwa nini tunauana. Kiswahili hakukijua. Mimi ninafundisha Kifaransa shuleni, basi nikawa mkalimani wake. Kila neno alilosema mama siku ile lilipita mdomoni mwangu.

Mama alimweleza tulivyoishi kijijini Bule kabla ya vita, ng'ombe wa baba, mashamba ya maharagwe. Kisha akafika kwenye siku mtaa wetu ulipochomwa. Juu ya wachomaji hakusema mengi. Alisema juu ya jirani yetu, mwanamke wa kabila lile lingine, aliyetuingiza jikoni kwake, akatufunika kwa magunia, halafu akatoka kuwakabili vijana wenye mapanga. Makabila yenyewe siyataji. Kitabu kile kimeyataja vya kutosha.

"Bakamuuliza, bale batu beko wapi?" mama alisema. "Akajibu: humu kuko batoto yangu tu. Kama munataka kuua, muanze na miye. Njo maana siye tuko hai."

Nilitafsiri bila kuruka neno, maana na mimi nilikuwa chini ya magunia yale, na vumbi la maharagwe ninalinusa hadi leo. Profesa alifuta machozi. Mwishoni akauliza kama mama angeweza kurudi. Mama akasema, "Pale hatuwezi kuishi tena, nyumba haiko." Nikatafsiri hivyo hivyo.

Kitabu kilipotoka, kikaja kuonyeshwa Bunia, katika ukumbi wa parokia. Mama alikuwa anaumwa magoti, nikaenda peke yangu. Nikanunua nakala, nikatafuta sura yetu huku wakubwa wakitoa hotuba. Nikamkuta mama yangu. Jina lilikuwa limebadilishwa, lakini alikuwa yeye: mjane, mkimbizi, na kabila lake limetajwa karibu kila aya. Moto ulikuwepo. Mapanga yalikuwepo. Jirani hakuwepo popote. Na mwisho wa sura, mama yangu alikuwa anasema: "Hatuwezi kuishi nao tena."

Nao! Mama alisema "pale", wao wameandika "nao".

Walipotoa nafasi ya maswali nilisimama. Nilijieleza kuwa mkalimani, nikauliza yule mwanamke wa jikoni amekwenda wapi.

Profesa alinitambua, akatabasamu. "Mama mwalimu, ushuhuda ule ulinigusa sana," akasema. "Lakini kitabu kina hoja yake. Huyo jirani alikuwa tukio la pekee, angewachanganya wasomaji."

"Na lile neno nao?"

"Nilichukua maana ya jumla."

Watu wakapiga makofi, sijui kwa ajili ya nini. Baadaye alinisainia kitabu: kwa shukrani na udugu. Nilitoka pale nimekaza meno hadi taya likauma. Mwanamke ameweka kifua chake mbele ya panga, na msomi anamwita kitu cha kuchanganya wasomaji!

Nyumbani mama akaniambia, "Soma." Safari hii nilitafsiri kurudi nyuma, kutoka Kifaransa chao kuja Kiswahili chetu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na ule mama mwenye alituficha, iko ku paje gani?"

"Haiko kwenye ukurasa wowote, mama."

Kisha akasema, "Atafikiri nini juu yangu?"

Jirani alikuwa ameshasikia. Siku hizi anaishi Tchomia, kando ya ziwa, anakausha samaki kwa moshi, na binti yake anasoma chuo hapa Bunia. Binti alikuwa amepiga picha ya ukurasa ule na kumsomea kwa simu. Mama alipopiga, hakujibu. Akapiga tena kesho yake, kimya. "Twende," mama akasema, magoti yake mabovu na yote. Tukapanda gari na wachuuzi wa samaki.

Tulimkuta kwenye tanuri lake, macho mekundu kwa moshi. Hakuinuka. Aliendelea kugeuza samaki.

"Mulisema hamuwezi kuishi na siye," akasema.

"Sikusema vile, dada."

"Kitabu inasema."

"Kitabu inasema uongo."

Akanigeukia mimi. "Weye njo ulitafsiri?"

"Ndiyo, mama. Nilimwambia Profesa habari ya magunia. Nilimwambia maneno uliyowaambia wale vijana. Akalia."

"Akalia, kisha akanitupa?"

Mama yangu hakungoja nijibu. Alijikokota mpaka kwenye tanuri, akashika samaki amgeuze, akaungua vidole, akapiga kelele. Jirani akamvuta mkono, akautumbukiza kwenye ndoo ya maji, huku akimgombeza kama mtoto, na katikati ya kugombeza akaanza kucheka. Mama naye akacheka, akalia. Walikaa bega kwa bega jioni nzima. Mimi nilitumwa kuni.

Baada ya hapo waliomba kwenda redioni, wote wawili. Redio moja ya hapa mjini iliwapa nafasi mchana, na walisimulia wakikatizana, wakibishana kama magunia yale yalikuwa ya maharagwe tu au na mahindi pia. Simu ziliingia. Mwanamme mmoja alisema naye alifichwa na watu wa upande mwingine, hajawahi kuulizwa na mtu yeyote.

Niliambiwa niridhike. Siridhiki. Nimemwandikia Profesa, akanijibu kwa adabu kuwa huenda atalifikiria jambo hilo wakati wa toleo lijalo. Redio ilisema mara moja, maneno yakapotea hewani juu ya mabati ya Bunia. Kitabu kimekaa. Kiko kwenye maktaba za mbali ambazo mama yangu hatazikanyaga, na huko, kila anayekifungua anaambiwa kwamba mama yangu anamchukia mwanamke aliyemwokoa.

Kwa hiyo ninaandika. Jirani alikuwepo. Alisimama mlangoni mwa jiko lake, Bule, mchana kweupe, na hakusogea.