Ng'ombe Alipobana Maziwa

Asubuhi ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa nje ya Bunda, na wezi wa ng'ombe hawakutupa nafasi. Mume wangu alikuwa porini na wenzake wakifuata nyayo za mifugo iliyoibwa. Mimi nilibaki na mama mkwe na kichanga changu. Hofu ya kila siku ilikuwa imenikausha maziwa kifuani, mtoto akawa anaishi kwa ng'ombe mmoja tu tuliyebakiwa naye.

Siku hiyo ng'ombe akabana. Ndama alishanyonya kidogo, kiwele kimejaa, lakini nikivuta hakitoki kitu. Ndani mtoto analia, sauti imeanza kukauka. Nikavuta kwa nguvu. Teke likatupa kibuyu changu kule.

Mama mkwe hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Acha! Hiyo mikono inatetemekaga hata ukiosha vyombo. Ng'ombe akiisikia anadhani wezi wamefika."

"Mama, mtoto ana njaa!"

"Namsikia. Kaa."

Nilimchukia, sikufichi. Akanikandamiza kichwa ubavuni mwa ng'ombe, nifuate pumzi zake: nivute, kisha nitoe polepole mpaka ziishe, huku nikivuma kooni kama wakamuaji wetu wanavyofanya. Kila kilio cha mtoto kilinichoma. Lakini mabega yalishuka, ng'ombe akaanza kucheua, na maziwa yakaja.

Nikadhani basi. Kesho yake akasema, "Tena." Ikawa kila asubuhi, hata kukiwa shwari.

"Yowe la wezi likishapigwa, hujifunzi kitu," aliniambia.

Alfajiri moja likapigwa, karibu kabisa. Moyo uliruka, ila mikono iliendelea. Nikamaliza, nikamnywesha mtoto, tukajibanza nyuma ya mlango. Wezi wakapita ukutani kwetu, nawasikia wanahema. Mtoto alikuwa ameshiba, amelala. Hakulia.

Wewe unayelala na mawazo na kuamka nayo, nisikilize. Usingoje hatari ndipo uutafute utulivu. Uzoeze mwili wako kila siku, kwa pumzi ndefu na kazi ya mikono, siku ambazo hakuna anayekufukuza. Hofu haiishi, mimi bado hunijia. Ila mwili uliozoezwa hutulia upesi, na walio mgongoni mwako hupona.

Mungu akujalie pumzi tulivu, mwanangu, na unaowalea walale wameshiba.