Kura ya Nafuna

Miaka kumi na minane Nafuna wa Bungoma ameuza nyanya sokoni Kitale, akiwahubiria wateja kwamba zinatunza moyo, macho na ngozi. Nyumbani hula sukuma wiki bila nyanya hata moja. Za kuuza ni za kuuza. Leo mchana, jua likimlegeza, nyanya ya juu ya fungu ilimwakia kama moyo unaopiga polepole. Akaipangusa kwa leso, akaiuma, maji yake yakamtiririka hadi kiwikoni.

Mteja wake Chelagat akarudi kuchukua fungu hilo, alilokuwa amewekewa. "Mama, ile kubwa ya juu iko wapi?"

"Nimekura," akajibu kwa ile r ya kwao inayokaa mahali pa l.

Chelagat akacheka. "Ati umepiga kura?"

"Ndiyo, bana. Nimejichagua mwenyewe."