Kalavati Halina Mwenyewe

Shangazi yangu huongea na nguo. Si kwa upweke, maana nyumba yake haijawahi kukosa watu. Huongea nazo kwa sababu zinamchosha. "Wewe kola," utamsikia akisema, pasi ya mkaa ikifuka moshi mkononi, "umejikunja hivyo unamtegemea nani akunyooshe?" Kisha anainyoosha. Amekuwa dobi tangu kabla sijazaliwa, ana vidole vilivyopauka kwa sabuni na alama ya moto kwenye kiwiko, na watu wote wanamwita Mama Pasi. Mimi ni binti wa mdogo wake, kwa hiyo ninayo haki ya kumwita king'ang'anizi, na humwita hivyo mbele yake. Hucheka tu. Anajua ninamsifia.

Mtaa wetu ni mmoja kwa serikali, lakini kwa midomo ya watu ni miwili: Juu na Chini. Katikati inapita barabara ya lami, na chini ya barabara kuna kalavati, lile tundu la zege linalovusha maji ya mtaro kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Ni pana kiasi cha mtu mzima kuingia akiwa ameinama. Shangazi anakaa Juu. Baba, ambaye ni fundi seremala, ana nyumba na karakana Chini, karibu kabisa na barabara. Maji yakishuka hupita kwa shangazi kwanza, kisha yanakuja kwetu, pamoja na kila kitu ambacho watu wa Juu wameona hakifai kukaa nacho.

Mvua za mwaka juzi mtaro ulifurika ukaingia karakanani. Baba alikuwa amemaliza kitanda cha maharusi, kazi ya mikono yake kwa wiki nyingi, kikavimba kama mkate uliodondokea kwenye chai. Kwenye mkutano wa mtaa akasimama. Baba ni mtu mpole, na ubaya wa watu wapole ni kwamba siku wakifungua mdomo hawana mazoezi.

"Watu wa Juu mnatutupia taka zenu," akasema, "na dada yangu wa tumbo moja ni mmoja wenu. Povu la sabuni yake linanipigia hodi kila asubuhi."

Shangazi akainuka. "Povu haliwezi kuziba mtaro. Na maranda ya mbao zako huwa yanakwenda wapi, mbinguni?"

Watu wakaangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu. Neno baba angelisamehe. Kuchekwa mbele ya watu kwa mdomo wa dada yake, hapana. Akachukua kofia yake akatoka, na tangu siku ile hawakusemeshana.

Sasa, shangazi ndiye aliyekuwa akimpigia baba pasi mashati yake yote, tangu wakiwa watoto nyumbani kwa mama yao. Baba akakataa kuyapeleka kwake, na akakataa mtu mwingine yeyote kuyagusa. Akawa anakwenda kwa wateja, misibani na harusini amevaa makunyanzi. Nilimwambia anatuaibisha. Akaniambia shati ni lake. Na shangazi naye, baba akipita barabarani, alikuwa akisimama na pasi mkononi, macho yameganda kwenye ile kola, mpaka siku moja akaunguza suruali ya mtu. Iliniuma sana. Ninawapenda wote wawili, wote wawili ni vichwa vigumu, na mimi ndiye niliyekuwa nikipandishwa na kushushwa kama ndoo ya kisimani: mwambie baba yako hivi, mwambie shangazi yako vile.

Mvua nyingine zilipokaribia, shangazi alizima pasi yake mchana kweupe, jambo ambalo si la kawaida, akajifunga khanga kiunoni akaanza kupita nyumba hadi nyumba. Alitaka watu wajitolee kuzibua mtaro. Mlango wa kwanza aliopiga hodi ulikuwa wa jirani yake tunayemwita Kipaza, kwa sababu hahitaji kipaza sauti.

"Mama Pasi," Kipaza akamwambia, "haya mambo ya mtaro ni ugomvi wako na mdogo wako. Wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime."

"Vizuri sana," shangazi akasema. "Lichukue. Jumamosi asubuhi, pale kwenye mtaro."

Jibu hilo akalipeleka mlango kwa mlango. Aliyesema hana muda, alimuuliza atapata wapi muda wa kukausha godoro. Aliyesema ni kazi ya serikali, alimwambia serikali ikifika ataipa jembe nayo. Aliyejifungia ndani, alimsubiri nje. Mtu akiona Mama Pasi amekaa kwenye kizingiti chake, anachambua mchicha wa mwenye nyumba kana kwamba yuko kwake, hukubali haraka.

Jumamosi Juu ilijaa majembe. Habari zilikuwa zimekwisha kuvuka barabara, na baba, aliposikia dada yake anakusanya watu, alikusanya wa kwake. Hakusema ni kwa ajili ya ujirani. Alisema, "Wasije wakatuona sisi wavivu." Basi siku hiyohiyo Chini nako kukawaka. Huku wanaimba, kule wanaimba kwa nguvu zaidi. Huku wametoa tope mpaka sakafu ya mtaro inaonekana, kule wamepiga deki. Nilikuwa nikivuka barabara kupeleka maji ya kunywa pande zote mbili, na kila upande ulikuwa ukiniuliza wenzao wamefika wapi. Sijawahi kuona watu wakifanya jema kwa hasira namna ile.

Jioni walifika barabarani, Juu wakatokea huku, Chini wakatokea kule. Wakatazamana. Juu wakasema kimoyomoyo, kalavati linatoa maji kwa watu wa Chini, ni la Chini. Chini wakasema, kalavati linapokea maji ya watu wa Juu, ni la Juu. Wakabeba majembe wakaenda kuoga. Hata mimi nilikwenda kuoga. Watu wengi kiasi kile, na hakuna aliyeinama akachungulia ndani.

Mvua ilianza katikati ya juma, baada ya chakula cha mchana. Mtaro wa Juu ulikuwa msafi, kwa hiyo maji yalishuka kwa kasi ambayo hayakuwahi kuwa nayo. Yakafika kwenye kalavati yakakuta limeziba. Yakarudi nyuma. Kwa mara ya kwanza katika maisha ya mtaa ule, Juu ndiko kulikofurika. Yalipita chini ya mlango wa shangazi, yakazunguka meza yake ya kupigia pasi, yakaanza kupanda kuelekea vikapu vya nguo za wateja.

Nilimkuta barabarani, amelowa mpaka mifupa. Watu wa Juu walikuwa upande mmoja wa lami, wa Chini upande wa pili, na katikati alisimama baba na mtaimbo mkononi, ndani ya shati lililokunjamana kuliko yote. Alikuwa ametazama ndani ya tundu akaona kinachoziba: godoro kuukuu, limeshindiliwa na tope na matawi.

"Toboa!" Kipaza akapiga kelele. "Nyumba zetu zinakwenda!"

"Asitoboe!" wakajibu wa Chini. "Maji yote hayo yatatushukia sisi kwa mkupuo!"

Walikuwa wakisema kweli, na wa kwanza kushukiwa angekuwa baba. Karakana ilikuwa imejaa mbao za oda kubwa kuliko zote alizowahi kupata, madawati ya shule, na zilikuwa zimepangwa chini, sakafuni. Akitoboa, huenda akazipoteza. Asipotoboa, anamzamisha dada yake. Alisimama anaushika mtaimbo, anauachia, anaushika. Hakumtazama shangazi, na shangazi hakumtazama yeye. Nilitaka kuwapigia kelele wote wawili.

Shangazi akawageukia watu wake. "Hakuna kutoboa," akasema, "mpaka mbao zitoke."

"Mbao gani?" Kipaza akauliza.

"Za mdogo wangu. Karakana iko pale. Twendeni."

"Mama Pasi, kwangu maji yako magotini!"

"Na kwangu je, nimewasha jiko? Ukibeba mbili mbili utarudi mapema."

Akatangulia. Hakugeuka kuona kama wanamfuata. Alivuka lami, akapita katikati ya watu wa Chini waliokuwa wamekunja mikono, akaingia karakanani, akajitwisha ubao. Kwa kitambo alikuwa peke yake kwenye mvua na ubao ule. Kisha Kipaza akavuka, kwa mara ya kwanza bila neno. Kisha wengine. Watu walioacha nyumba zao zikijaa maji walipanga mstari, na wa Chini walipoona hivyo wakakunjua mikono wakaingia mstarini. Mbao zilipita mkono kwa mkono kuvuka barabara, zikapanda kwenye vibaraza vya juu, kwenye meza, kwenye vitanda. Nguo za wateja wa shangazi zilikuwa zimekwisha kulowa wakati huo. Nilimwambia. Akasema, "Nguo nitafua. Mbao sijui kufua."

Ubao wa mwisho ulipotoka, baba akashuka akasukuma mtaimbo. Godoro liligoma, likaguna, likatoka kwa kishindo na maji yote ya Juu nyuma yake. Tulishika vichwa. Maji yakaingia kwenye mtaro wa Chini, na mtaro ule, uliopigwa deki kwa hasira, ukayameza. Yalijaa mpaka kwenye kingo, yakalamba kizingiti cha karakana, yakaendelea na safari. Kazi ya upande mmoja ndiyo iliyoyaleta na kazi ya upande wa pili ndiyo iliyoyapokea, na watu wote waliliona hilo kwa macho yao. Godoro lenyewe hadi leo halijapata mwenyewe. Kila mtu alilitazama kwa makini, na hakuna aliyewahi kuliona.

Nilidhani sasa watasema. Baba alipanda barabarani, akasimama karibu na dada yake, akanigeukia mimi. "Muulize shangazi yako, ule ubao wangu mpana wa mvule wameuweka wapi."

Shangazi alikuwa karibu kiasi cha kumgusa. "Mwambie baba yako umelala kitandani kwangu, na umelowa kuliko mimi."

"Semezaneni wenyewe!" nikasema, kwa sauti iliyomfanya Kipaza mwenyewe ageuke. "Mimi si daraja." Nikaondoka nikawaacha. Wakaachana, kila mmoja akaelekea kwake.

Watu husema damu nzito kuliko maji, lakini baada ya mvua ile nilianza kuwa na wasiwasi. Shangazi alizifua upya nguo zote za wateja, kapu kwa kapu, akiziambia kwamba si kosa lake wala lao. Mchana alifua na jioni alipita tena nyumba hadi nyumba. Safari hii alivuka barabara. Alipiga hodi Juu na Chini, isipokuwa mlango wetu mmoja tu. "Kalavati bado lina tope nusu," alikuwa akiwaambia. "Jumamosi hatuanzi Juu, hatuanzi Chini. Tunaanzia katikati."

Walikuja wa pande zote. Na palepale ubishi ukaanza: mpaka uko wapi? Upande wa nani uchimbe hadi wapi ndani ya tundu lile? Kipaza alitaka barabara ipimwe kwa kamba. Mtu wa Chini akataka igawanywe kwa idadi ya nyumba. Shangazi alisikiliza kidogo, akapandisha khanga yake, akashika jembe la mpini mfupi, akainama akaingia ndani kwa upande wa Juu.

Tulisikia jembe lake likila tope. Kisha tukasikia jingine. Nilizunguka upande wa Chini nikaona miguu ya baba ikipotelea ndani ya tundu.

Hakuna aliyebisha tena. Watu wakajipanga kupokea tope kwa karai, pande zote mbili, na mle ndani dobi na seremala wakachimba, kila mmoja kutoka kwake. Walichimba bila kupumzika. Umri wao si wa kazi hiyo, na ningewatoa kwa nguvu kama ningethubutu. Mwishowe chuma kikagonga chuma.

"Dada," sauti ya baba ikasema, ikavuma ndani ya zege hata waliokuwa barabarani wakaisikia, "sogea kidogo. Nimekuumiza?"

"Hukuniumiza," shangazi akajibu. Akakohoa. "Yaani uliniumiza. Siku ile. Na mimi nilikuumiza."

"Basi."

"Basi."

Tangu hapo, kila mvua zinapokaribia, tunaanzia palepale, chini ya barabara, kisha tunachimba kwenda kwetu, Juu wanapanda na Chini wanashuka. Mtu mgeni akiuliza kalavati ni la nani, anapewa jembe.

Lakini siku ile walitokea wote kwa upande wa Chini, shangazi mbele, baba nyuma, rangi moja ya tope kuanzia kichwani. Watu wakapiga makofi. Shangazi hakuwasikiliza. Alimgeukia mdogo wake, akamtazama kifuani kwa muda mrefu, akanyoosha mkono wake uliopauka.

"Hilo shati," akasema. "Lete."

Baba akaanza kufungua vifungo, palepale barabarani, mbele ya mitaa yote miwili.