Sharti la Maji Matamu

Picha ilinifikia kwenye simu nikiwa kwa kinyozi pale Ruring'u, nikingoja zamu yangu. Miche ya mikoko, safu kwa safu, imesimama kwenye tope la pwani, yote kahawia. Niliikuza picha kwa vidole viwili nikitafuta hata jani moja la kijani. Nikaondoka bila kunyolewa.

Ni lazima nieleze jinsi mtu wa Giakanja, huku milimani Nyeri, asiyejua kuogelea, alivyoingizwa katika mambo ya bahari. Kulikuwa na pesa za umma za kusaidia vikundi vya pwani kuhifadhi bahari yao, na jopo la kusoma maombi lilihitaji mtu wa vitalu. Mimi nimeotesha miche maisha yangu yote: kahawa, parachichi, miti ya mbao. Wakasema miti ni miti. Nami, kwa kiburi ambacho leo kinaniaibisha, nikakubali.

Kikundi kimoja cha akina mama kiliomba kurudisha mikoko iliyokatwa, ili samaki na kaa wapate tena pa kuzalia karibu na kwao. Walitaka kuchomeka mbegu moja kwa moja topeni maji yakipwa. Niliposoma hayo nilicheka. Kwetu mche mchanga hautupwi shambani hivyo. Unaulea kwenye karatasi ya plastiki iliyojazwa udongo, chini ya kivuli, unaunywesha asubuhi na jioni, na mvua ya masika ikianza ndipo unauhamisha. Basi nikaandika sharti: miche ilelewe nchi kavu kwa miezi sita, imwagiliwe maji matamu. Wenzangu kwenye jopo walilipitisha bila swali. Sehemu ya pili ya pesa ingetolewa miche ikionekana hai.

Sasa, chini ya ile picha, jopo lilikuwa limeandika kwamba mkaguzi angefika kule wiki iliyofuata. Nilitembea hadi nyumbani. Niliogopa jina langu kutajwa, niliogopa kuitwa mbele ya watu waliozoea kuniita mtaalamu. Niseme ukweli: akina mama niliwaogopea baadaye, baada ya kujiogopea mwenyewe.

Nikampigia mwenyekiti wao.

"Mama, hizo miti zimekuwa nini? Ati zimekauka zote?"

"Yote, bwana. Tulipoihamishia kwenye chumvi haikumaliza wiki mbili. Ilikwisha zoea maji matamu."

"Na hayo maji mlikuwa mnatoa wapi?"

"Twanunua kwa mwenye punda, mtungi kwa mtungi. Siku nyingine watoto wenda shule hawajaoga, miche imekunywa."

Nikakaa kitandani. "Lakini mbona mlifanya hivyo? Si nyinyi ndio mnajua bahari?"

"Twajua, bwana. Mama yangu alipanda mikoko, nami nimepanda. Lakini sharti limeandikwa na serikali. Tuliogopa tukibisha mtasema hatuzitaki pesa, mzipelekee wengine."

Kumbe nilipokuwa nikicheka huku Nyeri, wao walikuwa wananiogopa. Mimi, mzee wa kujaza udongo kwenye karatasi! Miezi sita waliinywesha miche huku wakijua itakufa, kwa sababu yangu.

"Mkaguzi akija," akaendelea, sauti ikishuka, "atauliza kosa ni la nani. Tukisema ni karatasi yenu, si mtakasirika? Wenzangu waona heri tuseme ni sisi hatukuimwagilia vyema. Huenda tukahurumiwa. Wewe waonaje, bwana?"

Nilijua hawatahurumiwa. Masharti niliyasoma mwenyewe: kikundi kikikiri uzembe, hakipewi tena. Nilijua pia kwamba maneno mawili tu yangewaokoa: ni mimi. Lakini niliwaza barua ya kuniondoa kwenye jopo, niliwaza majirani wakisikia, na jasho likanitoka katika baridi ya Julai. Sijawahi kuogopa hivyo, na aliyekuwa akinitisha alikuwa mama mpole anayeniomba ushauri.

"Bwana, upo?"

"Niko."

"Basi tuseme hivyo?"

Sikujibu. Naye kwa adabu zake akachukulia nimekubali.

"Haya, ahsante sana," akasema. "Mungu akuweke."

Simu ikakatika, na sikumpigia tena.